Siku ya Viberiti Hotelini kwa Dorkasi

Jumanne moja ya Oktoba 1998, saa saba kasoro dakika tano mchana, Dorkasi alizitoa betri nne za redio juani alikozianika tangu asubuhi, akazifuta kwa kanga na kuzirudisha mahali pake. Hoteli yake pale Malindi, milimani juu ya Lushoto, ilikuwa na meza tatu na watu kumi na saba. Wengine walikuja kula makande, wengine walifuata waliokuja kula makande. Mzee Kigoma aliingia wa mwisho, akapangusa miguu mlangoni, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa amekufa tangu Machi.

"Udongo huo, Mzee," Dorkasi alisema.

"Nisamehe, mama. Kule chini kumelowa."

Dorkasi alifagia, akamletea chai. Chai ya Mzee Kigoma haikuwahi kupungua kikombeni, ila ilipoa upesi kuliko ya wengine.

Alikuwa anafuata matangazo ya vifo, yale yanayosomwa baada ya taarifa ya habari. Siku ya kwanza alieleza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesubiri basi: ndugu zake wakishasikia redioni, ataondoka. Hakutaja jina lake, kwa kuwa aliamini wanalijua.

Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Alikuja kuchuma chai zamani sana, akaitwa Kigoma kwa sababu ndiko alikotoka, na mvi zilipoingia akawa Mzee Kigoma. Ofisi ya shamba ilimjua kwa namba, 412. Shamba lilipopata mwekezaji, watu wa kambini wakaambiwa watoke, naye akahamia stoo nyuma ya bucha ya Ramadhani, akafia humo kwa homa ya mapafu. Kijiji kilimzika vizuri. Watu walijaa, sufuria zikawa tano, na umbea uliosemwa pale ulitosha hadi Pasaka. Mwinjilisti Elisante aliomba, kisha Ramadhani akasoma dua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika. Juu ya kaburi wakaweka jiwe, ambalo halina dini.

Nikodemo, mtendaji wa kijiji, ndiye aliyechukua fomu ya tangazo. Mstari wa kwanza ulisema: jina kamili la marehemu. Alikaa nayo hadi jioni, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake la mtumba. Mwezi uliofuata mkewe alilifua koti.

"Muulize wewe," Nikodemo alimwambia Alfred mara nyingi. "Si mlikuwa mnacheza bao kila Jumapili?"

"Miaka kumi na tisa nimechuma naye mstari mmoja," Alfred alijibu. "Nianzie wapi? Nimwambie, samahani, hivi wewe nani?"

"Mwambie ni ya serikali."

"Ya serikali ni wewe, bwana."

Dorkasi alisema yeye hawezi, mwanamke haanzi kumhoji mtu mzima. Ramadhani alisema marehemu alilala stoo kwake miezi minne, kwa hiyo yeye ndiye asiyeweza kuliko wote. Wakakubaliana kwamba mtu angeuliza wiki inayofuata. Wiki hiyo ilikuwa imefika mara ishirini na nane.

Saa saba ikagonga. Msomaji alianza na barabara zilizoharibiwa na mvua za mwanzo wa mwaka, zinazosubiri mfadhili. Akafuata mtu wa mjini aliyemshitaki jirani yake kwa sababu televisheni mpya ya rangi ya jirani ilivuta kuku wake, wakaacha kurudi jioni.

"Kuku wana haki," Ramadhani alisema. "Nyumbani kwake wanaangalia nini?"

Halafu ikaja ya viberiti. Naibu waziri alikwenda kuzindua upya kiwanda cha viberiti kilichobinafsishwa. Alipaswa kuwasha mwenge kwa njiti ya kwanza kutoka mashine mpya. Njiti ya kwanza ilikatika. Ya pili ikatoa moshi. Ya tatu kichwa chake kiliruka kikatua kwenye suti ya mwekezaji. Ya kumi na moja naibu waziri akaomba kiberiti cha gesi kwa dereva wake, akauwasha mwenge, akasema ubora umeonekana.

Hoteli ilipasuka kwa kicheko. Alfred aliinama chini ya meza. Nikodemo alisimama, akajifanya naibu waziri, akakwangua kijiko mara kumi na moja, na kila mara watu walihesabu kwa sauti. Dorkasi alilia machozi akaegemea jiko. Kicheko kilidumu hadi mwisho wa taarifa, kikavuka muziki, kikaingia ndani ya matangazo.

Kilipoanza kushuka, Mzee Kigoma alikuwa amesimama. Alikuwa amevua kofia.

"Ndiyo mimi huyo," alisema.

Redioni sauti ilikuwa inamalizia: "...aliyekwenda mashamba ya chai Usambara. Anatafutwa na dada yake, ambaye ni mgonjwa. Yeyote mwenye taarifa zake aandike haraka kwa anwani iliyotajwa." Kisha likasomwa tangazo la mtu wa Singida.

Nikodemo alikuwa bado ameshika kijiko.

"Mmesikia?" Mzee Kigoma aliuliza.

"Tumesikia, Mzee," Nikodemo alisema.

"Jina lote wamelisema. Na la baba."

"Lote."

"Basi mtamjibu dada. Ana presha, asicheleweshwe."

"Tutamjibu," walisema watu kumi na saba.

Mzee Kigoma aliwashukuru, akavaa kofia, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyemaliza shughuli zake. Baada ya hapo walikusanya vipande vya tangazo walivyovipata katikati ya kicheko. Ramadhani alikuwa na "Kasulu", au labda "Kibondo". Alfred alikuwa na "Bi". Ya viberiti waliikumbuka yote, na wanaikumbuka hadi leo, njiti kwa njiti. Walisubiri tangazo lirudiwe kesho yake na keshokutwa. Dada hakutangaza tena.

Alhamisi Mzee Kigoma alirudi na udongo wake.

"Jibu limekwenda?"

"Barabara imekatika kule Soni, barua hazipiti," Nikodemo alisema, akitazama sahani.

Barabara ilitengenezwa mwaka uliofuata. Nikodemo amestaafu, na Mzee akiuliza bado inakatika. Siku hizi taarifa ya habari ikisomwa hotelini kwa Dorkasi hakuna anayecheka, hata wanasiasa wakijitahidi namna gani. Mzee Kigoma huingia saa saba kasoro, hupangusa miguu, huuliza. Dorkasi ameshaandaa chai.

"Karibu, Mzee," humwambia, na pale ambapo jina lingefuata huanza kufuta meza.