Mke Aliyekataa Kuhama

Kaka mkubwa alisafisha koo, akapandisha miwani yake puani, akaanza kuwasomea mdogo wake, Mwalimu, na watoto wasifu wa marehemu aliouandika kwa ajili ya shughuli ya Jumamosi ya kumkumbuka.

"Shemeji yetu alikuwa mke mpole na mtiifu, aliyemfuata mumewe kila alikokwenda..."

Mwalimu, ambaye ndiye mume mwenyewe, alikuwa ndiyo kwanza anapiga funda la chai. Ikampalia. Binti yake akaruka kutoka kwenye kochi, akaanza kumpigapiga mgongoni.

"Baba! Pole, baba. Usilie."

Mwalimu hakuwa analia. Alikuwa anacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni, ambacho sebule ile haikuwa imekisikia tangu siku ya mazishi.

"Kuna nini cha kuchekesha?" Kaka mkubwa aliuliza, uso umemshuka.

"Kaka, huyo mke mtiifu ni wa nani? Maana wangu simuoni hapo."

"Ndivyo wasifu unavyoandikwa."

"Wa watu wengine, labda. Wewe mwenyewe ulikuwepo alipogoma kunifuata."

Kaka mkubwa akavua miwani. Binti na mdogo wake wa kiume wakatazamana. Enzi hizo walikuwa wadogo, na habari ile walikuwa wameisikia vipandevipande tu, tena kwa watu wa pembeni.

"Aligomaje?" kijana akauliza.

Mwalimu akaweka kikombe chini, akawasimulia.

Mama yao alikuwa fundi wa mageti kabla hajawa mke wa mtu. Karakana aliipanga mwenyewe, mashine ya kuchomelea aliinunua mwenyewe, na Mwalimu alipokwenda kumposa alimkuta amepiga magoti sakafuni anachora kwa chaki. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: geti zima alilichora chini kwa ukubwa wake halisi, kisha akakata vyuma kufuata mchoro. Pambo moja hakulirudia kwa wateja wawili. Mtu akimwambia, "Nifanyie kama la jirani," alimjibu, "Basi nenda ukaingilie kwa jirani." Kwanza alimuuliza mteja anapenda kuona nini akiamka asubuhi. Muuguzi mmoja alimjibu kwamba hataki kuona mtu yeyote, na akatengenezewa geti la majani matupu, yamesongamana hata jicho halipenyi. Muuguzi alilipenda mpaka akaleta dada zake wote.

Watoto wake aliwalea humohumo karakanani. Herufi walizijulia kwenye bati, kwa chaki. Kwenye mikutano ya wazazi shuleni aliingia na ovaroli yenye matundu ya moto, akakaa mstari wa mbele, akauliza maswali mengi kuliko akina baba wote waliovaa tai. Kijana alipomlalamikia kwamba wenzake wanamcheka, alimvuta sikio kwa upole akamwambia, "Wakimaliza kucheka waulize mageti ya kwao kayatengeneza nani."

Sasa, binti akiwa ameanza shule na mdogo wake bado anajifunza kutembea, Mwalimu akahamishiwa mji mwingine, mwendo wa nusu siku. Alirudi nyumbani kifua mbele, maana alikuwa amepandishwa cheo, akasimama mlangoni mwa karakana.

"Mama watoto, funga virago. Tunahama."

Mkewe akainua kinyago cha kuchomelea. "Nani anahama?"

"Sisi. Nimekuwa mwalimu mkuu."

"Hongera sana, mume wangu. Nimefurahi kutoka moyoni. Utakuja kila Ijumaa?"

Mwalimu alidhani ni utani. Haukuwa utani. Mkewe alikuwa na wateja, alikuwa na mafundi aliokuwa anawafunza, na karakana, alisema, si sufuria ya kubeba kichwani. Wakagombana wiki nzima. Mwisho Mwalimu akaondoka na godoro lake na hasira zake.

Ukoo ukaita kikao, nyumbani kwa Kaka mkubwa. Wajomba walisema, mashangazi walisema, kila mmoja akamwaga yake. Mama watoto aliwasikiliza, mikono mapajani. Walipomaliza alimgeukia Kaka mkubwa.

"Shemeji, nimewasikia wote, na nawaheshimu. Sijaacha ndoa. Nimekataa kuacha kazi. Mume wangu nyumba yake iko pale, na mimi nipo." Kisha akanyanyuka. "Halafu geti lako linaburuza chini. Bawaba imechoka. Kesho nakuja kulirekebisha."

Na kesho yake alikwenda kweli. Kaka mkubwa alimshikia ngazi.

"Nilimshikia," Kaka mkubwa alisema sasa, kwa sauti ya chini. "Aliniamrisha kama kibarua." Na yeye akaanza kutabasamu bila kutaka.

"Na wewe, baba?" binti akauliza. "Uliishije huko?"

Mwalimu aliishi vibaya. Alipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mshona viatu, chumba cha giza, ukuta mtupu pande zote, hewa ikiingia kwa mlango tu. Maharage aliyaunguza mpaka majirani wakazoea harufu. Ijumaa za mwanzo hakwenda nyumbani, alijikaza, akisubiri mkewe aje kuomba radhi.

Mke akaja. Alikuja asubuhi moja juu ya lori, amekaa kando ya dereva, na geti la mteja wa mji ule limefungwa kwa kamba nyuma. Hakuomba radhi. Aliingia chumbani, akazunguka mara moja, akashika kiuno.

"Unasahihisha madaftari humu?"

"Kwa taa."

"Utapofuka."

Akaenda kuongea na mshona viatu. Waliongea nini Mwalimu hakujua, ila aliwasikia wakicheka. Akapima ukuta kwa viganja, akaondoka na lori lake. Wiki iliyofuata alirudi na mwashi na dirisha. Grili yake aliichora mwenyewe: mstari mmoja wa chuma uliokwenda ukijipinda mpaka ukawa mwanamke aliyeinama juu ya kazi yake, na mtoto mgongoni.

"Nikalala mchana kutwa kwenye mwanga ule," Mwalimu aliwaambia wanawe. "Nikajiuliza, hivi nilikuwa namtaka aje, au nilikuwa namtaka ashindwe? Maana kuja, alikuwa amekuja. Ijumaa hiyo nilikuwa wa kwanza kwenye kituo cha basi. Nikaishi hivyo mpaka waliponirudisha huku, na niwaambie kweli, sikuwahi kumpenda kama Ijumaa zile. Nilikuwa natembea haraka kama kijana anayekwenda kuchumbia."

Binti alikuwa anafuta machozi na kucheka kwa pamoja. Kaka mkubwa akaikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka mfukoni.

"Jumamosi sema wewe," alimwambia mdogo wake. "Mimi ningewaongopea watu."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwalimu alisimama bila karatasi akasema yote: karakana, kikao, lori, dirisha. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na waliotaka kulia walilia bila kuombwa. Alipofika kwenye geti lililoburuza, Kaka mkubwa alinyanyua mkono kutoka mstari wa mbele, akasema kwa sauti, "Ni kweli, nilishika ngazi!"

Watu walipoanza kutawanyika, mwoka mikate mmoja alimfuata Mwalimu. Geti lake lilikuwa limebaki nusu. Sasa amwone nani?

Mwalimu hakusita. Alimwita mwanamke mrefu aliyesimama karibu na mlango, ambaye mkewe alimfunza kazi tangu akiwa msichana.

"Huyu hapa. Karakana ni yake kuanzia leo."

"Lakini si ni mali ya familia?" mjomba mmoja akadakia.

"Ilikuwa mali ya mke wangu, na alituambia wote watatu, mimi na wanangu, anamwachia nani. Sisi tumekubali."

Fundi mrefu aliwasogelea. Kisha akamgeukia mwoka mikate na kumuuliza anapenda kuona nini akiamka.

"Na marehemu tulikubaliana achore ngano," mwoka mikate alisema. "Lakini mimi huamka kabla hakujapambazuka. Sioni kitu."

"Basi ngano ile niachie nifikirie utakavyoiona hata gizani," fundi akasema. "Njoo Jumatatu, nitakuwa nimeshachora."