Karatasi Tatu za Kura

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Katiba kwa sababu hapitishi kipindi bila kuitaja. Ijumaa aliwasimamia kumchagua kiranja wa darasa. Kengele ikamkuta bado anahesabu, akaharakisha: binti wa dada yake, anayeishi naye, kura ishirini na moja; msichana waliyemwita Redio kwa kuwa hanyamazi hata akiwa mgonjwa, ishirini. Shangwe zikapigwa, binti akavishwa beji.

Jumatatu asubuhi, akipanga makaratasi katika ofisi ya walimu, aliipitia orodha ya waliopiga kura. Sahihi arobaini na nne. Kura alizohesabu zilikuwa arobaini na moja. Akalitoa kabatini boksi la viatu walilotumbukizia kura, akainua kikunjo cha chini. Karatasi tatu zilikuwa zimenasa pale. Akazifungua moja moja. Redio. Redio. Redio.

Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Kura za watoto hizo, mwalimu," mkuu alisema bila kuinua macho. "Nimeshamtangaza mbele ya shule nzima. Unataka tuonekane hatujui kuhesabu?"

"Kuhesabu nimekosea mimi, na nitasema ni mimi. Lakini siwezi kuingia darasani nikawafundisha haki ya mpiga kura huku kura zao nimezifungia kabatini."

Mkuu alishusha pumzi. "Haya. Mzigo wako huo, ubebe mwenyewe."

Kipindi cha pili alisimama mbele ya darasa. Hakuzungukazunguka. Akaeleza kosa lake, akawaita wanafunzi wawili wahesabu upya kwa sauti, karatasi juu kila mmoja azione. Redio ishirini na tatu, binti ishirini na moja.

Binti alifungua beji, akaiweka mezani, akarudi kukaa bila kumtazama mama yake mdogo. Mwalimu alitamani kumfuata amkumbatie. Akajikaza, akaendelea na somo.

Nyumbani hawakusemezana siku mbili. Ya tatu, wakiwa wanachambua mchele, binti alivunja ukimya.

"Ungenyamaza tu, mama mdogo. Nani angejua?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa watu watatu walipiga kura, nami nikawafanya kama hawakuja shule siku ile. Wewe ungekuwa mmoja wao, ungenielewaje?"

Binti aliokota kijiwe, akakitupa pembeni.

"Umeniaibisha lakini."

"Najua, mwanangu. Nisamehe. Ningehesabu vizuri Ijumaa, hata beji usingeivaa."

"Muhula ujao nagombea tena," alisema, uso bado umekunjamana. "Na safari hii usisimamie wewe. Tutafute mwalimu asiye ndugu yangu."

Mwalimu aliacha kuchambua. Kwa miaka yote aliyofundisha uraia, hilo halikuwahi kumjia akilini. Kesho yake asubuhi alimpelekea mkuu pendekezo la maandishi: mwalimu asisimamie uchaguzi anaogombea ndugu yake.