Kabla ya Treni Kuondoka

Mdogo wangu Nestory hajui Kiingereza. Nalisema mapema kwa sababu Igoma nzima inaamini anakijua kuliko wenyewe. Ana banda la video nyuma ya mafundi wa kuchomelea, na kila Jumapili mchana hukaa kando ya runinga na kipaza sauti, akitafsiri filamu watu wakiwa wanatazama. Wenzake siku hizi hununua filamu zilizokwisha kutafsiriwa Dar. Nestory anasema hicho ni kiporo. Yeye huipitia filamu mara moja asubuhi, akasoma macho ya watu na midomo yao, kisha mchana akawapa maneno ya kwake. Stelingi, yule shujaa wa filamu, humbatiza Masele. Adui akikimbia, anakimbilia Buzuruga kupanda basi. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu, na mimi ninayeuza maandazi mlangoni hucheka nao, ingawa nimemjua tangu anatambaa na sikumbuki aliyewahi kumshinda kwa mdomo.

Anayeshika kompyuta ni binti yake, Teodora. Nestory akigonga meza kwa kidole, Teodora husimamisha picha, baba mtu akapata nafasi ya kuongeza chumvi. Akigonga tena, picha inaendelea. Mtoto aliianza kazi hiyo miguu yake ikiwa haifiki chini akikaa kwenye stuli, na mkono wake umezoea mno. Kidole cha baba kikigusa meza, cha kwake kimeshabonyeza.

Mama yake, Annet, alikwenda Dar kumuuguza dada yake, akaaga kwamba atarudi baada ya mavuno. Hakurudi. Ana mume mwingine huko, na sitamsema zaidi maana nikianza sitanyamaza. Nestory hakulia mbele yetu. Ila tangu hapo mtu akiitaja Dar ndani ya nyumba ile, yeye huinuka akatoka nje kama anakwenda kuangalia kitu.

Teodora alikuwa akicheza mpira Igogo, kwenye timu ya wasichana, uwanja ulio kando ya ziwa ambako watu huanika dagaa hadi karibu na goli. Njumu zake zilinuka dagaa hata zikifuliwa. Mimi mpira siujui. Najua tu kwamba siku niliyokwenda kumtazama nilisahau kikapu changu, mbuzi wakala maandazi yote, na sikujali. Baba yake hakumkataza kucheza. Alikuwa akijisifu kwa mafundi kwamba binti yake anapiga chenga watu wazima.

Shida ilikuja pale kocha wake, Immaculata, Mhaya mmoja mpole wa maneno machache, alipofika nyumbani kueleza kwamba kituo kimoja cha mpira Dar kimemtaka Teodora. Angesoma na kucheza hukohuko, akirudi likizo. Lakini yeye, alisema, haondoki na mtoto wa mtu bila neno la baba. Nestory akamkaribisha chai, akaongea juu ya mvua, akaongea juu ya umeme unaokatika, na juu ya Dar hakufungua kinywa. Kocha akaaga kwamba angekuja bandani Jumapili kuchukua jibu, kwa kuwa Jumatatu walikuwa wanasafiri.

Wiki nzima Teodora alimwuliza baba yake, na wiki nzima alijibiwa kwamba tutaona. Jumapili asubuhi, tukiwa tunakaanga maandazi, akaniambia alichopanga. Kocha aliwahi kuwaonyesha filamu ya msichana wa nchi ya mbali ambaye baba yake ni fundi magari. Wanaishi wawili tu. Msichana anataka kwenda mji mwingine kucheza mpira, baba hataki. Mwishoni baba anamfuata stesheni, anamkumbatia, anamwambia aende, yeye atakuwepo akirudi. Msichana anapanda treni. Kocha aliwaeleza kila neno. Teodora alikuwa nayo filamu hiyo, na alitaka kumpa baba yake wakati ambapo hatapata nafasi ya kuipitia.

"Atalazimika kulisema, shangazi," aliniambia. "Akishalisema kwa mdomo wake mbele ya watu, hawezi kulirudisha."

Nilimtazama nikaogopa na kufurahi kwa pamoja. Huyu ni wetu kweli, nilijisemea.

Banda lilijaa. Kocha Immaculata alikaa benchi la mbele, mkoba magotini. Nestory hakuwa na wasiwasi. Binti yake alikuwa amemwambia ni filamu ya kifamilia, kina mama wataipenda, naye alimwamini. Msichana alipotokea na mpira wake, Nestory akatangaza kwa mbwembwe kwamba stelingi wa leo si Masele, leo anaitwa Teodora. Watu wakapiga makofi. Yule fundi magari, Nestory akamfungulia gereji Igoma, barabara ya Musoma. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kisha baba wa kwenye picha akaziona njumu za binti yake, akakaa nazo kitandani peke yake, akiwa amezishika tu. Nestory akamtazama Teodora, akamtazama kocha, na akaelewa alipoletwa. Toka hapo utani ukaisha. Alitafsiri kwa sauti ya chini, na watu wakadhani ni ufundi, wakatulia zaidi.

Tukafika stesheni. Baba akaja anakimbia, akamshika binti yake mabega, akafungua kinywa. Kipaza sauti kilikuwa kimya. Mtu wa nyuma akaomba tafsiri. Teodora alikuwa ameegemea mbele, midomo yake ikicheza, akiyatamka maneno kabla ya baba yake.

Nestory akasema, kwa sauti ya yule msichana: "Baba, nimeghairi. Mama alikuacha, mimi siwezi kukuacha. Turudi nyumbani."

Pale kwenye runinga wakakumbatiana. Nestory akagonga meza. Na mkono wa Teodora, kabla mwenyewe hajajua, ukabonyeza.

"Mwisho," alisema Nestory.

Walilia, Mungu wangu. Justa muuza mkaa, ambaye hata msibani hulia kwa kubembelezwa, alikuwa anajifuta kwa khanga. Wakipita kutoka wakamshika Teodora mashavu, wakamsifu baba yake kwa kulea binti mwenye adabu kama yule wa kwenye filamu. Yeye alikuwa bado anautazama mkono wake juu ya kompyuta.

Kocha alimwekea mkono begani kidogo, akaaga. Pale mlangoni akaniambia taratibu kwamba filamu ile ilikuwa inasema kitu kingine.

"Najua, mwalimu," nilimjibu.

Jumatatu basi likaondoka na wengine. Nilimfuata Nestory bandani nikamsema vibaya, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Nilimwambia amemfunga mtoto kwa kipaza sauti. Alikuwa akifagia, akaendelea kufagia mpaka nilipochoka.

"Na mimi nibaki na nani, dada?" aliniuliza.

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka pia kumchemshia chai. Sikufanya lolote, nikaondoka na kikapu changu.

Ubaya ni kwamba filamu ile ilipendwa. Watu waliiomba tena na tena, wakaja na jamaa zao, wakawa wanayajua maneno ya stesheni kwa kichwa. Na kila mara, Nestory akigonga, Teodora alibonyeza, na treni ikabaki palepale. Igogo hakwenda tena. Njumu alizipandisha juu ya kabati, na siku moja nilipozishusha kufuta vumbi nikazinusa, hazikuwa na harufu ya dagaa hata kidogo. Hakuwa mkaidi. Aliamkia wakubwa, alipika, alifua, alikwenda shule. Ila baba yake akitania kwenye kipaza sauti, banda zima likicheka, yeye hakucheka. Mtu anayeishi kwa kuchekesha watu huliona jambo hilo hata kama amezungukwa na kelele.

Nestory akaanza kumwuliza kama hataki kwenda Igogo leo, wenzake si watamsubiri. Alijibiwa kwamba amechoka. Akamletea mpira mpya, ukakaa kwenye nailoni yake. Kisha kocha akanitumia ujumbe kwamba kile kituo kitachukua wasichana tena mwezi wa kwanza, na bado wanamkumbuka Teodora. Nilimpelekea Nestory habari. Hakutoka nje safari hii.

Jumapili iliyopita asubuhi nilimkuta bandani peke yake, akiitazama stesheni ile mpaka mwisho, treni inaondoka, mzee wa watu amebaki anapunga mkono. Aliniuliza yule baba anasema nini hasa. Nikamwambia kama Teodora alivyoniambia. Aliyarudia maneno kimyakimya, akakohoa, akayarudia tena.

Mchana banda likajaa kama kawaida. Tulipofika stesheni niliacha maandazi nikasimama. Nestory alikuwa amekishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, mbali na meza.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nenda kacheze. Mimi nitakuwepo ukirudi."

Watu wakatazamana, maana si maneno waliyoyazoea. Kwenye picha wakakumbatiana. Hakugonga meza. Nilikuwa nayangoja magurudumu ya treni kama vile nasafiri mimi.

Teodora akabonyeza. Picha ikasimama.

"Acha iende, mama," Nestory alimwambia, kipaza sauti kikiwa chini. "Acha iende."

"Inaishia hapo, baba," alisema Teodora.

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Alilisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kazi. Kisha akainuka, akafungua mlango, na watu wakaanza kutoka.