Mtu Aliyewajua Wamoroko Wote

Anaclet aliwajua wachezaji wote wa Moroko, waliokufa na walio hai, na hilo ndilo lililoanza kumkosesha Bibi Bupe raha.

Alikuwa amekaa kwenye kochi lao, pale ghorofani Umbilo, mjini Durban, miguu kainyoosha kama mkwe aliyekwisha kupokelewa. Laurette alikuwa chini kwenye zulia, magoti kayakumbatia, macho hayabanduki usoni mwa mgeni. Benedicta, mama yake Laurette, alikuwa amefunga saluni yake ya mjini mapema kwa ajili ya mazungumzo hayo. Bibi Bupe, aliyemzaa Benedicta, alikuwa upande wa jiko akimenya ndizi. Jiko na sebule vilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo hakuna neno lililompita.

"Ben Barek," Anaclet alisema akikunja vidole. "Ule wa zamani kabisa. Walimuita Lulu Nyeusi. Alicheza Marseille, alicheza Madrid. Kisha Faras. Kisha Timoumi, na Zaki mwenye kudaka. Naybet, beki ya chuma. Hadji, ule wa manywele mingi. Na leo iko Hakimi, iko Bounou, iko Ziyech. Ni kama muto, Koko, haukauke. Na sasa Maroc wanatafuta wabinti."

"Zaki namjua," alisema Bibi Bupe, ambaye mgeni alimwita Koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao.

Wote wakageuka.

"Marehemu babu yake Laurette alikuwa na jogoo jina lake Zaki. Ule mwaka wa Kombe la Dunia kule Meksiko, huyo mume wangu, Mzee Ezekieli, aliiweka redio dirishani, majirani wakajaa uani mpaka wakanivunjia migomba. Moroko ikampiga Mreno tatu kwa moja. Basi jogoo wetu, kwa vile alikuwa hampitishi kuku wa jirani langoni kwake, akapewa jina hilo."

Laurette alicheka. Anaclet naye alicheka, ila alicheka kupita kiasi cha kichekesho, akajipiga paja.

"Koko! Zaki mimi nilisimama naye kule Casablanca, karibu hivi, kama mimi na wewe!"

"Kumbe. Ni mtu wa namna gani?"

"Mutu muzuri. Muzuri sana."

"Haya," Bibi Bupe alisema, akachukua ndizi nyingine. Mtu mzuri! Hata fundi bomba aliyetoroka akawaachia bomba lao bovu, watu wa ghorofa ya chini walisema ni mtu mzuri.

Anaclet alikuwa ametokea saluni kwa Benedicta kama mteja wa kunyoa ndevu. Aliona picha ya Laurette ukutani, yuko kwenye jezi ya timu ya wasichana wa kanisani, mpira chini ya kiatu. Akauliza huyu ni nani, na kabla ndevu hazijaisha akawa amekwisha kusema kwamba yeye hutafutia vipaji kituo kimoja cha wasichana kule Moroko. Shule bure, chakula bure, daktari bure. Laurette alikuwa na miaka kumi na sita. Hati ya kusafiria hakuwa nayo, lakini hilo, alisema Anaclet, si tatizo. Wangepitia Johannesburg, iko mtu. Safari ingekuwa Jumamosi. Na wasiwaambie watu, hata pasta, kwa sababu wivu iko mingi.

Hayo yote Bibi Bupe aliyasikia, akayaweka. Kilichomkaa moyoni zaidi ni jambo dogo tu. Mtu huyu alijua Hakimi anavaa namba gani na Hadji alifunga bao gani, lakini toka aingie humu ndani hajawahi kuuliza Laurette anapiga kwa mguu gani. Hajauliza anacheza nafasi ipi. Hajaenda uwanjani kumtazama hata mara moja. Yule mtu wa nyama pale Umbilo Road hanunui mbuzi bila kumshika mgongo.

"Na mambo ya heshima je?" aliuliza. "Msichana peke yake, nchi ya watu?"

Anaclet akakaa vizuri. Hili swali alilipenda.

"Koko, nyinyi hamuwajui Wamaroc. Wale wanaheshimu mama kupita sisi wote. Qatar hamukuona? Timu ilikuja na wamama zao. Wazazi wote kwenye hoteli! Hakimi, mama yake alikuwa anasafisha manyumba ya watu kule Spain. Match ikiisha, mutoto anapanda kule juu, anamubusu mama yake mbele ya dunia yote. Boufal aliteremusha mama yake uwanjani wakacheza muziki. Kule, mutoto akifika, mama amefika."

Benedicta alijifuta machozi kwa upande wa kanga. Yeye naye alianza kwa kusafisha nyumba za watu, huko Glenwood, kabla hajapata kiti cha kusukia nywele.

"Kumbe mama huwa wanakwenda," Bibi Bupe alisema polepole.

"Wote, Koko! Wote!"

Akamwekea kisamvu na ndizi. Anaclet alikula, akakisifu, akakiita sombe kama kwao, akaondoka akiwa na picha za Laurette kwenye simu yake.

Mlango ulipofungwa tu, Benedicta akamgeukia mama yake.

"Nimekuona, Mama. Ile sura yako."

"Sura yangu imefanya nini?"

"Unamshuku. Wewe unamshuku kila mtu. Ulimshuku hata baba yake Laurette."

"Na yuko wapi?"

Benedicta akaanza kukusanya sahani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapa Durban mtoto wangu atakuwa nani, Mama? Atasuka nywele kama mimi. Kila siku tunaambiwa turudi kwetu. Huyu mtu anafungua mlango, wewe unataka kuufunga."

"Bibi, nakuomba," Laurette alisema. "Mimi naweza. Unajua naweza."

"Najua unaweza, mke mwenzangu. Mimi siushuku uwezo wako."

Bibi Bupe hakuwa mtu wa kushindana. Ukishindana na mwenye njaa juu ya chakula alichokwisha kukinusa, atakula akiwa amekupa mgongo. Alipanguza meza, akaenda kulala, akawaza.

Anaclet aliporudi kuchukua cheti cha kuzaliwa cha Laurette, alimkuta bibi amekaa kwenye kochi, mahali pake yeye, na begi la safari miguuni.

"Koko, unasafiri?"

"Na nyinyi, Jumamosi. Umetuambia kule mama huwa wanakwenda. Mama yake ana saluni, hawezi kufunga. Mimi sina kazi. Nitakwenda mimi."

Benedicta aliyekuwa anapasha chai aliacha kijiko ndani ya kikombe. Laurette akashika kichwa. "Jamani, Bibi!"

Anaclet alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa. "Koko, ile ni timu ya taifa. Hii ni kituo ya watoto."

"Basi ndiyo hasa. Mtoto ndiye wa kusindikizwa."

"Nafasi kwenye gari iko moja tu."

"Nitambeba Laurette mapajani. Nilimbeba akiwa mdogo."

"Koko, baridi ya kule…"

"Baba, mimi nimezaliwa Tukuyu. Baridi tunaijua."

Hapo hata Benedicta alicheka kidogo. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu alimwona Anaclet anatazama mlango. Ni kutazama kidogo tu, lakini Benedicta kazi yake ni kutazama watu kwenye kioo mchana kutwa.

"Kwa kweli, Kocha," alisema, "kuna ubaya gani? Nauli ya mama nitatafuta mwenyewe. Tupe tu namba ya simu ya hicho kituo, tuwaulize kama wana mahali pa kumlaza."

"Namba iko kwenye simu ingine." Kisha ghafla akawa laini kama siagi. "Sharp. Sawa, Koko! Nitapanga. Utakuja. Jumamosi saa nne, hapa chini barabarani. Musijali."

Akaondoka. Cheti hakukiulizia tena.

"Umeona?" Benedicta alisema baadaye, bila kuwa na hakika kama anamwambia mama yake au anajiambia mwenyewe. "Amekubali."

"Amekubali upesi," Bibi Bupe alisema.

Jumamosi, Benedicta alikwenda saluni asubuhi mapema kumalizana na bibi harusi mmoja, awe amerudi kabla ya saa nne. Jua lilikuwa limeingia jikoni Laurette alipotoka chumbani akinyata, viatu mkononi, mkoba mgongoni. Alimkuta bibi yake kwenye kiti karibu na mlango, amevaa gauni la kanisani na kilemba, begi mapajani.

Walitazamana.

"Amekuambia wapi?" Bibi Bupe aliuliza.

Laurette akaanza kulia kabla ya kujibu. "Overport. Karibu na maduka. Jana alinisimamisha nikitoka shule, akasema nije peke yangu, nisikuage, wewe utaharibu. Amesema mama zao Wamoroko walikwenda kwa sababu watoto wao walikuwa tayari maarufu. Mimi bado si mtu. Nikiwa mtu, nitakuita."

"Yeye ndiye aliyesema wewe si mtu?"

"Bibi, kama ni kweli je? Kama ni kweli na mimi nimebaki?"

Bibi Bupe alitazama ufunguo mlangoni. Angeweza kufunga mlango na kuficha ufunguo. Lakini alijua kwamba mlango huo ungebaki umefungwa kati yao miaka yote.

"Vaa viatu," alisema. "Twende wote. Kama ni kweli, atatuchukua wote wawili, hata akitukasirikia. Akitukasirikia nitamwomba radhi mwenyewe, na utapanda."

Walipanda teksi, hizo basi ndogo za Durban, wakabadilisha mjini, wakashuka Overport maduka yakiwa yanafunguliwa. Laurette alisimama ukingoni mwa barabara. Bibi Bupe alisimama naye, bega kwa bega, hakujificha.

Gari jeupe lilikuja likipunguza mwendo. Laurette akainua mkono. Bibi Bupe alimwona Anaclet nyuma ya kioo waziwazi, na Anaclet akawaona. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Gari likaongeza mwendo, likawapita.

"Hajatuona," Laurette alisema.

Bibi Bupe alilifuata gari kwa macho.

Lakini mbele, taa za barabarani, ambazo Durban nzima huziita robot, zilikuwa zimewaka nyekundu, na mbele ya Anaclet kulikuwa na basi. Ikambidi asimame. Ndipo Laurette alipoona kwamba kwenye kiti cha nyuma kuna mtu, kichwa chenye mabutu mawili ya nywele kimegeuka kuwaangalia.

"Yule ni Yvette!" alisema. "Yvette wa Glenwood! Bibi, yule ndiye kipa wa timu ya kule, huwa tunacheza nao!"

Akakimbia. Kwa nguvu zake zote alikimbia, kama anaufuata mpira unaotaka kutoka nje, na Bibi Bupe nyuma yake na begi lake na magoti yake. Alipofika, Laurette alikuwa anapiga kioo kwa kiganja.

"Yvette! Mama yako anajua uko hapa?"

Msichana ndani alitikisa kichwa. Hajui. Laurette akavuta mlango, haukufunguka. Yvette naye akavuta kwa ndani, haukufunguka, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Basi liliondoka. Robot ilikuwa kijani. Bibi Bupe hakufikiri. Alishuka barabarani, akasimama mbele ya gari jeupe na begi lake kifuani. Nyuma honi zikaanza. Mwenye teksi mmoja alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Hhayi, Gogo!" yaani, wewe bibi!

Anaclet akateremsha kioo. "Koko, toka njiani."

"Nimekuja kusafiri, baba."

"Koko, nitakugonga!"

"Nimeleta na begi. Au leo mama hawaendi?"

Watu walikuwa wametoka madukani. Mwanamume mmoja mwenye aproni ya duka la kuku alikuwa ameinua simu yake anapiga picha, na mwenye teksi, ambaye sasa alikuwa ameshuka kugomba na Gogo, aliona mtoto anayepiga kioo kwa ndani, akaacha kugomba na Gogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la Anaclet, akaweka kiwiko chake humo. Hakupaza sauti. "Fungua mlango, bro."

Kitu kililia kha! ndani ya mlango. Yvette akachomoka nje karibu aanguke, na Laurette akamdaka kiunoni. Gari likarudi nyuma kidogo, likapanda ukingo, likamzunguka Bibi Bupe kwa hatua mbili, likaenda. Mwenye teksi alilikimbiza kidogo kwa miguu akilitukana, kisha akarudi kwa abiria wake waliokuwa wanamlaani yeye.

Wakabaki watatu kwenye ukingo wa barabara. Yvette alikuwa mikono mitupu, mkoba wake umekwenda na gari. Laurette alikuwa kamshika, lakini macho yake yalikuwa barabarani, kule gari lilikotokomea, na machozi yanamtiririka bila sauti. Bibi Bupe akamwacha alie. Mtoto alikuwa na haki ya kuililia Moroko.

"Namba ya mama yako unaijua?" alimuuliza Yvette.

Yvette akaitaja tarakimu moja moja. Bibi Bupe akampa Laurette simu aipige. Iliita mara nyingi. Kisha sauti ya mwanamke, ya mtu aliye sokoni, ikasema, "Allô? Nani?"

Bibi Bupe akaichukua simu.

"Mama Yvette, hunijui. Mimi ni bibi yake Laurette, wale wa mpira. Mtoto yuko na mimi, mzima, tuko Overport. Kaa chini kwanza, halafu nikueleze."