Sahihi ya Mogire

Odero, karani wa wakili, aliigeuza karatasi upande wa dirisha, akauliza kwa mara ya tatu Mogire yuko wapi.

Kwenye benchi la wateja, Okemwa alitazama viatu vyake. Shemeji yake, mjane Nyangate, alitazama ukuta. Kati yao aliketi Mong'ina, mkamwana wa Nyangate, mke wa huyo Mogire anayetafutwa, ametulia kama mtu anayengoja zamu yake kisimani.

Wakili mwenyewe, Bwana Nyasani, alikuwa mahakamani tangu asubuhi. Alikuwa amemwachia karani wake amri moja: mkataba wa mashine ya kusaga unga ya Nyakoe utiwe sahihi leo, kesho upelekwe Nairobi kusajiliwa. Bila cheti hakuna leseni, na bila leseni injini ingebaki ndani ya sanduku lake la mbao huku mahindi ya mwaka huo wa 1971 yakipelekwa kusagwa Keroka. Okemwa alikuwa ametoa kiwanja. Nyangate aliuza ng'ombe akanunua injini. Lakini miezi miwili nyuma, walipokuja kuandikisha, Nyangate alisema upande wake uandikwe jina la mwanawe, Mogire, na Odero akaandika. Alipouliza huyo Mogire anafanya kazi gani, aliambiwa yuko nyumbani. Naye akaridhika, kwa kuwa vijana wengi wako nyumbani.

"Kama amesafiri, semeni," Odero alisema. "Nitamwomba wakili tungoje."

Mong'ina alimtazama mama mkwe wake, kisha akamgeukia karani. Alikuwa amesoma kidogo, na Kiswahili chake kilitoka polepole.

"Hajasafiri. Hakuzaliwa."

Odero aliweka kalamu mezani.

Ndipo Mong'ina akamweleza. Nyangate alizaa wasichana watupu, na wote wakaolewa mbali. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume huzimika, kwa hiyo mama akatoa ng'ombe wa mahari, akaposa msichana kwa ajili ya mwanawe ambaye hakuwahi kuja. Jina alikwisha kumpa zamani, kila alipokuwa mjamzito. Msichana huyo ndiye Mong'ina. Watoto wake wawili, kwa desturi hiyo, ni watoto wa Mogire, na kijijini hakuna anayeona ajabu.

Odero alikuwa Mjaluo wa upande wa ziwa, miaka kumi na mmoja sasa katika mji wa Kisii, na bado mambo ya wenyeji yalimpita mlangoni. Alihisi masikio yakiwaka moto. Alikuwa amemwandika mtu asiyekuwapo kuwa mshirika wa biashara, akamwachia hata mstari wa sahihi. Lakini Okemwa alijua. Siku ile alikuwa ameketi papo hapo kwenye benchi, akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo.

Mshindo wenyewe ulikuja sasa, kwa sauti ya upole ya Okemwa.

"Karani, usisumbuke. Kama upande ule hauna mtu, niandike mimi kote. Mimi ndiye mwanamume wa boma."

Odero alimwomba Nyangate akubali aandikwe yeye mwenyewe, na hilo jina lifutwe. Mama alisema maneno machache ya Ekegusii bila kuutoa uso wake ukutani.

"Anasema ukimfuta Mogire," Mong'ina alitafsiri, "mimi nitakuwa nimeolewa na nani?"

Chini, kwenye veranda ya duka, cherehani ya fundi ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Odero alivuta droo, akapekua fomu, na mkono ukasimama kwenye ile ya kusajili jina la biashara. Wenye biashara lazima wawe watu wanaopumua, hilo sheria haina mchezo nalo. Lakini jina la biashara ni jambo lingine. Mwezi uliopita alikuwa amesajili bucha ya Keroka kwa jina la Simba, na hakuna aliyemdai simba sahihi.

Akawaeleza taratibu. Washirika watakuwa Okemwa, na upande wa pili Nyangate pamoja na Mong'ina. Nyangate akifariki, fungu lake litabaki kwa Mong'ina na watoto wake. Na biashara yenyewe, kwenye cheti na kwenye ubao wa mlangoni, itaitwa Mogire na Wenzake.

Okemwa alikunja uso. "Watu wote wa Nyakoe watasema wanakwenda kusaga kwa Mogire."

"Ndiyo," alisema Nyangate kwa Kiswahili. Ndilo neno la kwanza alilosema kwa lugha hiyo siku nzima.

Odero alipiga taipu mkataba mpya. Okemwa aliukumbuka unga, akaikumbuka Keroka, akatia sahihi. Mong'ina aliandika jina lake herufi moja moja. Nyangate aliweka dole gumba, akaliangalia lilivyotoka, akaridhika.

Alikuwa wa mwisho kuondoka. Mlangoni aligeuka, akamuuliza Odero jambo, na Mong'ina akatafsiri kutoka ngazini.

"Anauliza, wako anaitwa nani?"

"Mwambie sina mtoto. Mke wangu Adoyo tulimzika bila kupata."

Mong'ina alimweleza mama, naye akatikisa kichwa.

"Anasema hakuuliza kama unaye. Ameuliza anaitwa nani."

Walipokwisha kushuka, Odero alifunga madirisha na kupanga faili. Kazi ilikuwa imekwisha, na saa hii ndiyo aliyoichukia kuliko zote, maana chumba alichopanga hakikuwa na mtu wa kumuuliza ameshindaje. Aliuchukua mkataba wa kwanza, ulioharibika, apate kuuchana. Hakuuchana. Mstari wa Mogire ulikuwa mtupu, msafi, ukingoja.

Akaketi tena. Akaingiza karatasi nyeupe kwenye taipu, akapiga polepole: mwana wa Odero. Kisha akairudisha karatasi mwanzo wa mstari, pale alipoacha nafasi ya jina, akaweka vidole juu ya herufi. Chini fundi alikuwa akifunika cherehani yake.