Mhudumu Hana Kwake

Mhudumu aliweka trei juu ya kaunta, akajifuta mikono kwenye aproni, akafungua mlango wa nyuma wa klabu na kutoweka. Hakutoka nje, la. Alitoweka pale pale kizingitini, kama taa iliyozimwa.

"Tena," alijisemea binti aliyekuwa akimfuatilia kwenye skrini, akaurudisha usiku mwanzo.

Kazini walimwita Mharibifu, na jina lilimkaa, maana alilipwa kwa kuharibu. Wenzake walitengeneza gemu la maisha, lile ambalo mchezaji hupewa watu wa kuwaangalia: wapike, waoge, waoane, wagombane, wazae. Yeye alilijaribu kabla halijauzwa. Alimlaza mtu juu ya jiko aone kama atakubali. Aliwafungia wageni wa harusi chooni. Kila alichofanikiwa kukivuruga alikiandikia taarifa, na mafundi wakakirekebisha huku wakimnung'unikia, maana walimpenda. Msimu huu walikuwa wakimalizia nyongeza waliyoiita Usiku wa Mjini, yenye klabu, baa, muziki, nguo za kumetameta na wapenzi wa kunong'onezana kwenye kona. Kichekesho ni kwamba Mharibifu mwenyewe hakuwa mtu wa starehe hata chembe. Jua likizama tu, huyo anapiga miayo.

Lakini mhudumu huyu hakumtoka moyoni. Aliandika taarifa: "Mhudumu hana kwake. Kazi ikiisha anapotea." Ikarudi mchana ule ule na jibu fupi: "Si kosa. Ni kivuli." Vivuli ndivyo walivyowaita watu wa kujazia nafasi, wale wasioendeshwa na mchezaji. Hawana njaa, hawana usingizi, hawana ndugu. Wamewekwa ili wenye maisha wapate wa kuwahudumia. Akaandika tena. Ikarudi tena, safari hii ikiwa na katuni ya mtu anayejikuna kichwa. Huyu binti naye ana kichwa kigumu, msione ule upole wake. Akaomba jambo lake lisikilizwe kwenye kikao cha wote.

Sasa mtu atauliza, kivuli cha kwenye gemu kinamuuma nini? Kinamuuma kwa sababu mama yake mzazi ni mhudumu wa baa. Kwa trei alimsomesha yeye na mdogo wake wa kiume, bila mwanamume wa kusaidiana naye na bila kumpigia mtu magoti. Ila aliwafunga midomo tangu wakiwa wadogo. Mkiulizwa, aliwaambia, semeni mama anafanya zamu, kwa sababu mtu akishasikia baa, hasikii tena kitu kingine. Basi wakasema zamu, na watu wakajimalizia wenyewe kwamba ni muuguzi. Pale ofisini mhasibu alikuwa na mtoto mwenye kikohozi, akaomba ushauri wa huyo muuguzi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akatuma neno: asali na tangawizi. Mtoto akapona, na sifa za muuguzi zikazagaa ofisi nzima.

Kikao kilifanyika asubuhi, kila mtu na kikombe chake mkononi. Bosi, mwanamke mpole asiyependa kelele, alimpa nafasi fundi wa programu aeleze. Fundi alieleza vizuri. Kila mtu anayepewa nyumba analiongezea gemu uzito, na wateja wengi wana kompyuta za kawaida ambazo zingekwama. Ilikuwa hoja ya kweli, na Mharibifu aliijua. Ndipo mbunifu wa mavazi, kijana mcheshi ambaye hakuna kikao alichowahi kukipitisha bila utani, akauliza: "Kwani wale huwa wana kwao?"

Chumba kizima kikacheka. Hata bosi alificha tabasamu nyuma ya kikombe. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mharibifu alikiweka kikombe chake mezani, akasimama. Angeweza kucheka pamoja nao, kama alivyowahi kucheka siku nyingine, na siku ikaisha. Alijua pia kwamba akifungua mdomo anavunja amri ya mama yake, na hakujua angemtazamaje usoni akirudi nyumbani.

"Mama yangu ni mhudumu wa baa," alisema. "Na huwa anarudi. Hajawahi kukosa kurudi hata siku moja."

Mhasibu ndiye aliyegeuka kwanza.

"Si muuguzi?"

"Si muuguzi."

"Na kile kikohozi?"

"Ile ilikuwa bahati yako."

Wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa na joto, na yeye alikuwa ndani yake. Aliendelea kuzungumza akiwa amesimama. Alisema haombi huruma, anaomba chumba. Hataki mchezaji amwonee mhudumu imani wala amlipie chochote. Anataka tu mlango ule uwe unatokea mahali. Fundi wa programu alikuna ndevu kwa muda, akipiga hesabu zake kimoyomoyo.

"Chumba kimoja," alisema mwishowe. "Kitanda, mlango, dirisha. Nitapunguza taa za klabu tufidie uzito."

Bosi akakubali, mradi tarehe ya kutoa gemu isisogee. Mbunifu wa mavazi alimfuata kwenye korido kuomba radhi, akajitolea kumshonea mhudumu koti la kurudia nyumbani, la rangi yoyote. Mharibifu alichagua kijani. Akarudi kwenye meza yake kifua mbele, mtu na heshima zake, na chumba kilipokamilika alishinda siku nzima akijaribu kukibomoa kwa kila hila aliyoijua. Hakikubomoka.

Nyongeza ilipotoka, alichukua siku ya mapumziko, akaibeba kompyuta mpaka nyumbani na kungoja mama aamke. Mama aliamka mchana, akajitengenezea chai, akavuta kiti. Binti alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri sana, na yote yakamkimbia.

"Mama, ofisini nimewaambia kazi yako."

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe. "Nilikwambia nini mimi?"

"Uliniambia niseme zamu."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema baa. Mbele ya wote."

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aliuliza tu ni akina nani waliokuwepo na bosi alifanyaje, akajibiwa. Kisha akaisukuma chai pembeni na kusema, haya, nionyeshe huyo mtu mwenyewe.

Mhudumu akaonekana, akipita na trei katikati ya wacheza dansi. Mama alilalamika kwamba msichana ni mwembamba mno, hivi hawamlishi? Klabu ikafungwa. Mhudumu akavaa koti lake la kijani, akatoka mlango wa nyuma, akapita barabara mbili zenye taa, akapanda ngazi za jengo la kawaida. Alipofika mlangoni kwake aliinama, akavua viatu, akavishika mkononi. Akausukuma mlango kwa bega, taratibu, akavuka chumba kwa ncha za vidole mpaka kitandani.

Mama alisogea karibu na skrini. "Mbona hamna mtu humo? Anamnyatia nani?"

"Sisi," binti alisema. "Nilimwomba fundi wa miondoko aiweke hivyo. Nilimwonyesha mwenyewe, nikiwa pekupeku, kwenye korido ya ofisi."

Mama alivitazama vile viatu mkononi mwa mhudumu.

"Kumbe mlikuwa macho."

"Kila siku, mama. Tukishasikia kitasa, ndipo tunalala."

Mama akaomba aone tena. Akaona tena, na tena, mkono umefunika mdomo, macho yamejaa, wala hakuyafuta. Jua lilipoanza kushuka aliinuka akajiandae. Kawaida hutoka na kandambili, sare ikiwa chini ya khanga na viatu vya kazi vikiwa mkobani, kwa sababu majirani hupenda kukaa kwenye ngazi za chini jioni. Leo alitoka chumbani na sare wazi, imepigwa pasi, kibandiko cha jina kifuani, na viatu vya kisigino tayari miguuni.

"Mlango naufunga mwenyewe, usiinuke," alisema kutoka koridoni, kama vile ndilo jambo pekee la kuagana.

Binti alibaki mezani akisikiliza visigino vikishuka, ko, ko, ko, bila haraka, ghorofa baada ya ghorofa. Chini vikasimama. Jirani mmoja akauliza anakwenda wapi amependeza hivyo, na mama akamjibu kwamba baa, kazini kwake, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya muziki.