Kikombe Kisicho na Machicha

Kwa miezi saba vikombe vya baba viligongana kila siku saa tisa mchana, na kwa miezi saba nilijifanya sivisikii.

Viko viwili, vidogo, vya kauri nyeupe, visivyo na mkono. Baba yangu, Mbaruku, alivinunua ujanani alipokuwa akitembeza kahawa kutoka Mabatini hadi Mkuyuni, birika mkono mmoja, vikombe mkono wa pili, akivigonganisha ili watu wajue anapita. Alipopata kiduka cha vipuri vya baiskeli aliacha kutembeza, lakini vikombe hakuviacha. Na alipougua, sauti ikawa ndogo ya kusikika kitandani tu, akawa anavigonganisha kuniita. Mara mbili maana yake: Raya, njoo.

Baada ya mazishi nilivifunga kwenye khanga, nikaviweka kabatini, nikazungusha ufunguo. Kesho yake saa tisa vikagongana humo humo. Nilifungua kabati. Khanga ilikuwa na fundo lake lile lile nililolifunga mimi.

Sikumwambia mtu. Shangazi Mwanaharusi, dada yake baba ambaye ninaishi naye, angeniitia shehe kabla sijamaliza kusema. Na shehe angeniuliza, marehemu anakudai nini? Jibu nilikuwa nalo, na sikutaka kulisema mbele ya mtu yeyote.

Nitalisema hapa. Daktari alimkataza baba kahawa kwa sababu ya presha, na mimi nikikatazwa kitu nakikataza mara mbili. Nilimkataza kwa ukali. Kahawa yote ya nyumbani niliigawa kwa majirani, hata kinu nikakihamishia nje. Lakini siku ile ya mwisho alianza kugonganisha vikombe tangu saa nane. Nikienda, ananiambia, "Mama, nipikie kahawa." Alikuwa ananiita mama tangu nikiwa mdogo. Nikirudi jikoni, ti-ti. Nikikaa, ti-ti. Nilichoka, na uchovu ukanifanya mjanja. Nikachemsha maji na tangawizi, nikaunguza sukari kijiko kimoja ili yapate weusi, saa tisa nikampelekea. Nikamwambia, "Kahawa yako hiyo, baba."

Alikunywa taratibu mpaka mwisho. Kisha akakiinamisha kikombe akatazama ndani. Kahawa ya kuchemsha huacha machicha chini, hata mtoto anajua. Kikombe kilikuwa cheupe.

"Hiki hakina machicha," alisema. Hakugomba. Alinirudishia kikombe, akasema, "Ahsante, mama," akageukia ukutani. Adhana ya Alasiri ilimkuta ameshaondoka.

Kama ningemkatalia tu, ningelala usingizi wangu. Kukataa kulikuwa haki yangu kama muuguzi wake. Nilimdanganya baba yangu kwenye kinywaji chake cha mwisho, naye akajua, akanishukuru. Hicho ndicho kilichokuwa kinanila. Tena shangazi alikiona kikombe mkononi mwangu siku ile, akawaeleza waombolezaji wote kwamba kaka yake amekufa na kahawa yake tumboni, kwa mkono wa binti yake. Watu walinisifu matangani hadi nikatamani ardhi inimeze. Nilinyamaza, na kila siku iliyopita kusema kukawa kugumu zaidi.

Basi Ramadhani ikaisha, na Idd ikaja na wageni wake.

Nyumba yetu ina desturi. Siku ya Idd watu huswali, hula pilau za kwao, na saa nane hupanda kwetu hapa juu kwenye mawe. Kwetu hawafuati chakula, wanafuata kahawa. Wengine hutoka Kisesa kwa ajili hiyo tu. Baba aliwapikia kwa miaka zaidi ya thelathini na hakuruhusu mtu mwingine aguse birika siku hiyo, si mimi wala shangazi. Kikombe cha mwisho, kile cha machicha matupu, kilikuwa chake. Alikuwa anakinywa baada ya mgeni wa mwisho kushiba, akikitazama ndani kama anasoma barua.

"Mwaka huu utapika wewe," shangazi aliniambia siku tatu kabla.

"Tuwape soda, shangazi."

"Soda? Watu wapande majabali yote haya waje kunywa soda? Wewe ndiye uliyempa ya mwisho. Mkono wake umebaki kwako."

Kumkatalia tena kungenifichua. Nikaenda sokoni Mkuyuni kwa Justa, mama wa Kihaya anayeuza buni za kwao Kagera. Alinipimia buni mbichi, akaniongezea konzi moja juu. "Hiyo ya marehemu," alisema. Alizoea kumwongezea yeye. Nilirudi nayo kama nimebeba kitu cha wizi.

Kupika nilikuwa najua kwa macho. Maji ya bomba hulazwa mtungini usiku mzima yatulie. Buni hukaangwa kwenye chungu kikavu, moto mdogo, mwiko hausimami, mpaka zianze kupasuka na kutoa mafuta kidogo. Ukizionea huruma zinakuwa chachu, ukizisahau zinakuwa mkaa. Zinapoa kwenye ungo, zinatwangwa kinuni, hazisagwi. Maji yakichemka ndipo kahawa inaingia, na tangawizi iliyopondwa, na iliki chache. Inaumuka, unaitoa motoni. Inashuka, unairudisha. Mara tatu. Mwisho unanyunyizia maji baridi ili machicha yakae chini, na baada ya hapo hukorogi tena hata iweje.

Siku ya Idd, saa sita, nilifanya hayo yote. Harufu ilijaa uani mpaka jirani akapiga chafya na kucheka. Nikamimina kidogo, nikaonja.

Yalikuwa maji ya tangawizi na sukari iliyoungua.

Sukari sikutia. Kahawa yetu ni chungu, utamu wake ni kashata pembeni. Nilionja tena, kitu kile kile, ladha ya mchana ule wa mwisho. Nikakitazama kikombe ndani, kilikuwa cheupe, bila hata punje.

Niliongeza kahawa vijiko vinne. Maji ya tangawizi. Nikaongeza vinne vingine. Jasho lilikuwa linanitoka, na nilikuwa nimeanza kulia kwa hasira. Nilimkasirikia baba, nisifiche. Nikasema kwa sauti, pale pale jikoni, "Unataka niaibike mbele za watu? Si uniambie tu unachotaka?"

Shangazi akaingia, akachukua kikombe, akapiga funda moja. Uso ulimkunjamana wote.

"Raya, hii unamnywesha nani, maiti? Mtu akinywa hii halali mpaka Idd ya mfungo tatu."

Ndipo nilipoelewa kwamba birika halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kinywani mwangu. Nikamwaga yote nikaanza upya, na safari hii sikuonja. Nilifuata mikono ya baba nilivyoikumbuka: konzi kwa kila vikombe vitano, mara tatu juu na chini, maji baridi, usikoroge. Nilipika kama kipofu anavyotembea kwenye nyumba yake.

Saa nane walifika, watu kumi na mmoja na makanzu yao yakipepea upepo wa ziwa. Waliketi kwenye mikeka kivulini mwa jabali letu kubwa, mahali ambapo unaona maji yote mpaka visiwani. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimesimama na birika nikingoja nione kama nitapona. Wa kwanza kunywa alikuwa mzee Abubakary, rafiki wa baba tangu enzi za kutembeza kahawa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikunywa, akafumba macho.

"Mbaruku huyu," alisema. "Mbaruku mtupu."

Wote wakaitikia. Vikombe vikarudi, vikajazwa, vikarudi tena. Shangazi akasimulia kwa mara ya mia jinsi kaka yake alivyokufa na kahawa tumboni. Wageni wakanitazama kwa upendo, na mimi nikatazama birika. Mzee Abubakary peke yake hakunitazama. Alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili na kukiangalia ndani.

Saa tisa ikafika. Vikombe vya wageni vyote vilikuwa mikononi mwao au kwenye sinia mbele yangu. Viwili vya baba vilikuwa kabatini, kwenye khanga, na ufunguo nilikuwa nao shingoni.

Ti-ti.

Hakuna aliyegeuka. Shangazi aliendelea kucheka na mtu wa Kisesa. Lakini mkono wa mzee Abubakary ulisimama hewani, kahawa ikamdondokea kanzuni, na yeye akageuza kichwa taratibu kuelekea chumba cha baba.

Wageni walipoondoka alibaki. Shangazi aliwasindikiza mpaka chini barabarani, na mimi nikabaki nakusanya vikombe ili nisilazimike kumtazama.

"Raya," alisema, "vile vikombe umevigawa?"

"Viko kabatini, baba mkubwa."

"Nimevisikia."

Nikakaa mkekani. Nikamwambia yote, tangawizi, sukari, kikombe cheupe, na ahsante yake. Niliyasema haraka haraka, kama mtu anayetapika. Nilipomaliza nilitegemea anilaani. Aliisogeza tasbihi yake punje kwa punje.

"Kahawa aliipata," alisema mwisho. "Nilimpa mimi. Kila nikitoka kuswali Alfajiri nilikuwa nampitishia kikombe dirishani wewe ukiwa umelala. Tangu wiki uliyomkataza. Na siku ile pia nilimpa."

Nikasema, "Daktari alisema itamuua."

"Alisema."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua. Aliniomba, mwanangu, na mimi sikuwahi kumkatalia kitu tangu tukiwa vijana. Labda nimemuua. Kila nikiinama kusujudu nalikuta hilo linaningoja."

Nilimchukia kwa muda ambao chai ingepoa. Kisha nikamwona anavyosugua doa la kahawa kanzuni kwa kidole, na chuki ikakosa pa kushika. Lakini kulikuwa na jambo halikukaa sawa, nikamuuliza. Kama alikuwa ameshakunywa alfajiri, ile saa nzima ya kunigongea vikombe alikuwa anataka nini?

Mzee Abubakary alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Alitaka yako," alisema. "Mimi aliniambia dirishani, 'Abuu, ya kwako inanitoa kiu tu. Nakwenda, na wageni wa Idd sijui nawaachia nani. Leo nitamwomba Raya anipikie, nionje mkono wake.' Alikuwa na furaha kama mtu anayengoja mgeni."

Nililia mpaka shangazi akarudi. Alidhani nalia kwa kuwa Idd ya kwanza bila baba ni ngumu, akanipigapiga mgongoni, akasema kahawa yangu imewakosha wote. Mzee Abubakary aliaga akaondoka. Mpaka leo hajalisema langu, na mimi sijalisema lake.

Kesho yake sikungoja kugongewa. Saa nane na nusu nilifungua kabati, nikafungua khanga, nikaosha vikombe vyote viwili. Nilikaanga, nikatwanga, nikachemsha, mara tatu juu na chini. Nilimimina kikombe kimoja nikakiweka kwenye kigoda chake kando ya dirisha, kingine nikashika mimi. Shangazi akijua ataniambia ni ushirikina. Nilikaa kitandani pake na kusema, "Kahawa yako hiyo, baba." Nilitoka nje nikafunga mlango, nikakaa barazani nikitazama ziwa.

Saa tisa ilipita kimya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba.

Sasa ni desturi yangu ya kila siku. Kiduka cha baba, ninachokiendesha sasa mimi, nakifunga saa nane, wateja wamezoea. Nikirudi chumbani baada ya Alasiri nakuta kikombe chake kitupu, machicha yametulia chini, meusi na mazito, kama inavyotakiwa. Wageni wameanza kuuliza kuhusu Idd ijayo, na shangazi anawajibu kwamba nyumba haijapoteza mpishi.

Mimi nakunywa changu barazani. Ni maji ya tangawizi na sukari iliyoungua, kila siku, hata nitie konzi ngapi. Nakunywa mpaka mwisho, nasema ahsante, kisha nakiinamisha na kutazama ndani. Bado ni cheupe.